Ramani ya Mwezi wa Barafu Ilivyofichua Bahari

AKINYI: Hamjambo nyote, karibuni tena. Tunarekodi hapa Kisumu, madirisha tumefunga, lakini mkisikia boda boda mtuvumilie. Mimi ni Akinyi, mwalimu wa jiografia. Mwenzangu ni Wekesa, saveya, mtu wa Bungoma, ambaye amekuwa akinijazia simu picha za barafu.

WEKESA: Si barafu ya hivi hivi, mwalimu. Hiyo ni Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali.

AKINYI: Haya, tupe ukubwa wake kwanza.

WEKESA: Mdogo. Kipenyo chake ni kilomita 504, kama kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara. Ukitandaza uso wake wote chini, Kenya inafunika karibu robo tatu. Kwa hivyo ni eneo kubwa kuliko nchi yetu, na limechorwa ramani bila mtu kukanyaga huko wala kupigilia kigingi kimoja.

AKINYI: Kwa picha tu.

WEKESA: Kwa picha tu. Chombo cha anga cha Voyager 2 kilipita mwaka 1981 kikapata chache, za mbali. Kazi kubwa ni ya chombo kingine, Cassini. Ilifika kwa Zohali 2004, ikakaa huko ikizunguka hadi Septemba 2017, ilipotumbukizwa ndani ya sayari yenyewe.

AKINYI: Sasa wanafunzi wangu wataniuliza: miaka 13 yote ya nini? Si unapiga upande huu, unapiga na ule, unaenda zako?

WEKESA: Waambie shida ni jua. Mwaka wa Zohali ni miaka 29 na kitu ya kwetu. Cassini inafika, kusini kuna mwanga, ncha ya kaskazini iko gizani. Jua likavuka ikweta mwaka 2009, ndipo kaskazini kukaanza kupambazuka. Picha za karibu za huko kaskazini zilikuja Oktoba 2015, na kufikia hapo ncha ya kusini nayo imeshaingia usiku wake mrefu. Hakukuwa na siku hata moja ambayo ungeweza kuupiga picha mwezi mzima.

AKINYI: Na chombo chenyewe hakisimami kikapiga kwa utulivu.

WEKESA: Kisimame wapi? Agosti 2008 kilipita kilomita 50 tu juu ya barafu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo Kisumu mpaka Nakuru ni sekunde kumi hivi. Na kamera za Cassini zilikuwa zimefungwa mwilini, hazina shingo. Ukitaka kuelekeza kamera unageuza chombo kizima, na chombo kizima hakingegeuka upesi kiasi cha kuufuata ule mwezi.

AKINYI: Wakafanyaje?

WEKESA: Wakaanza kukigeuza mapema, kabla hakijafika. Walishapiga hesabu kwamba sekunde fulani ufa fulani utapita mbele ya kamera, basi sekunde hiyo kamera ikafyatua. Hakuna wa kurekebisha chochote, kwa sababu amri ya redio inatembea zaidi ya saa nzima kufika kule. Na wakapata! Picha nyingine, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni kama mita 7. Unaona mawe ya barafu yamelala kandokando ya nyufa. Mimi hiyo kazi naivulia kofia.

AKINYI: Sasa una picha za kila namna. Nyingine pikseli yake ni mita 7, nyingine kilomita nzima. Nyingine vivuli vinaelekea huku, nyingine kule. Darasani huwa nawapa picha ya kreta, lile shimo linaloachwa na kimondo, halafu naigeuza juu chini. Shimo linakuwa kilima! Darasa zima linabishana. Jicho linataka mwanga utoke juu, basi.

WEKESA: Ndiyo maana mchora ramani lazima ajue jua lilikuwa wapi kila picha ilipopigwa. Na Enceladus ni nyeupe kupita kiasi, inarudisha karibu mwanga wote. Jua likiwa la utosini huoni mabonde wala nini, weupe tu. Jua likiwa limeinama ndipo umbo linajitokeza.

AKINYI: Kuziunganisha?

WEKESA: Hapo ndipo kwangu. Unajua chombo kilikuwa wapi na kamera ilitazama wapi, lakini si kwa uhakika kamili. Kakosa kadogo ka pembe, kule chini kanakuwa mamia ya mita. Kwa hiyo unatafuta kreta moja inayoonekana kwenye picha tano, sita. Unaweka kitone katikati yake, kila picha. Unaenda nyingine, na nyingine, maelfu. Halafu kompyuta inazisukuma picha zote kwa pamoja mpaka vitone vikubaliane. Hizo kreta ndizo bikoni zetu, zile alama za upimaji, ila hakuna aliyezisimika.

AKINYI: Na Greenwich yao iko wapi?

WEKESA: Longitudo sufuri ni upande unaotazama Zohali, maana mwezi ule unaonyesha sayari yake uso mmoja siku zote. Ila kuishikilia kwenye ramani wamechagua kreta ndogo, Salih, wakakubaliana kwamba iko digrii 5. Mengine yote yanapimwa kutoka hapo.

AKINYI: Salih! Wasikilizaji, majina ya huko yametoka Alfu Lela Ulela. Kuna kreta ya Ali Baba, kuna Sindbad, kuna Aladdin. Zile nyufa nne kubwa za kusini zinaitwa Baghdad, Damascus, Cairo na Alexandria. Kila moja urefu wake ni kama kilomita 130, na ndizo zinazorusha mvuke na chembe za barafu angani.

WEKESA: Ramani zenyewe zilitengenezwa Berlin, katika taasisi ya anga ya Ujerumani, karatasi 15 kwa kipimo cha 1:500,000.

AKINYI: Sentimita moja ni kilomita 5. Ile ya KCSE, mtihani wetu wa sekondari, ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita. Si mbaya, kwa mahali ambapo hakuna barabara.

WEKESA: Sasa nisikilize, hapa ndipo nilitaka kufika. Watu waliochukua picha za miaka zaidi ya saba wakaweka vitone kwenye kreta zilezile, walikuta vitone havikai. Mwezi unatikisika, kushoto, kulia, kila mzunguko wa saa 33. Digrii 0.12.

AKINYI: Ni kiasi gani hicho mtu akisimama hapo?

WEKESA: Kwenye ikweta, nusu kilomita hivi. Kwetu jiwe la mpaka likisogea hata hatua mbili, jirani anaitwa kwa chifu.

AKINYI: (anacheka) Na jirani hakosi.

WEKESA: Huku jirani hayuko. Wakapiga hesabu: kama ganda la barafu limeshikana na mwamba wa ndani, mtikisiko ungekuwa mdogo zaidi sana. Kutikisika kiasi hicho maana yake ganda linaelea. Kuna bahari chini, imezunguka mwezi wote. Kabla ya hapo wengi waliwazia maji ya kusini tu, chini ya zile nyufa. Matokeo hayo yalitoka 2015, Peter Thomas wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake. Hawakutoboa shimo lolote. Ni vitone, mwalimu.

AKINYI: Msikilizaji wa Kakamega anauliza: na laptopu ya kawaida anaweza kujaribu?

WEKESA: Anaweza. Picha zote za Cassini ni za bure kwenye hifadhi ya NASA. Programu ya ISIS ya kuunganisha picha za sayari, ya wataalamu wa Flagstaff, Arizona, ni ya bure pia, ila inataka Linux au Mac na nafasi kubwa kwenye diski. Kama hana, apakue ramani iliyokwisha unganishwa aifungue kwenye QGIS, programu ya ramani. Na asianze na kusini, kule kreta karibu hakuna, ni mikunjo na nyufa tupu. Aende kaskazini, kreta zimejaa, kitone utakiweka popote.