Fagio la Chelewa Katika Magofu ya Gede

Habarini za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie uhifadhi wa magofu, na najua wengi mmekuja kusikia habari za mawe. Mimi nitaanza na fagio la chelewa.

Zamani kidogo nilifika Gede, kwenye magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, asubuhi, siku mbili kabla ya ugeni mkubwa. Vijana walikuwa wameshafagia kuanzia jumba la mfalme hadi nyuma ya msikiti mkuu. Ardhi tupu, alama za chelewa zimejipanga kama nywele zilizochanwa. Nikawasifu. Ndiyo, niliwasifu, msinicheke. Mlinzi mmoja mzee akauliza tu: "Sasa sengi atalala wapi?"

Kwa wasiomjua, sengi ni mnyama mdogo wa msituni; wa pale ana uzito wa kama nusu kilo, pua ndefu isiyotulia, miguu myeusi myembamba, na makalio ya rangi ya dhahabu kana kwamba alikalia rangi mbichi. Hana kwao kwingine duniani ila pwani ya Kenya, na wengi wao wamo msitu wa Arabuko-Sokoke. Hachimbi shimo. Hukwangua kibonde, akakitandika majani makavu, akajifunika mengine. Ukipita utadhani upepo ndio uliyakusanya. Mchana huyafukua majani hayohayo akitafuta wadudu, buibui na jongoo. Akishtuka huyapiga kwa mkia, pa pa pa, ndipo atoke mbio. Kwa hiyo ukifagia umemvunjia nyumba, umemwaga chakula chake, na hata kengele yake umeinyamazisha.

Majani tuliyarudisha kwa toroli jioni ileile. Njia ya wageni ifagiwe, upana wa watu wawili, basi.

Haya, mawe. Gede ni mji wa Waswahili. Kaburi lake lenye tarehe ni la mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Watu walipohama, msitu uliingia majumbani. Eneo lilianza kulindwa kisheria miaka ya 1920, mwanaakiolojia James Kirkman akaja kuchimba kuanzia 1948, na tangu vichaka vilipofyekwa ubishi haujaisha: mti upi ukatwe?

Ndege anakula tunda la mti wa jamii ya mkuyu, anadondosha mbegu juu ya ukuta. Mche wa mwaka mmoja unaung'oa kwa vidole viwili, bila panga. Ule uliokwisha kuukumbatia ukuta ni habari nyingine. Ukiukata, mizizi inaoza ndani, inaacha matundu, mvua ya masika inaingia humo, na baada ya miaka kadhaa ukuta unalala chini huku aliyekata keshahamishwa kituo. Mti wa namna hiyo mimi huuacha. Napunguza tawi zito linaloyumba na upepo, maana hilo ndilo linaloutikisa ukuta.

Na simenti, jamani! Kuta za Gede ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu laini vinavyopitisha unyevu. Ukiziba kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya kiraka, na kinachomomonyoka ni jiwe la kale, kiraka kikibaki kizima. Tumieni chokaa. Na kabla fundi hajatia mwiko kwenye ufa, amulike tochi ndani: popo hulala humo, na kumziba akiwa hai ni ukatili.

Wenzetu Uingereza walikutana na kazi kama hii ya kuokoa kuta za kale kwenye ngome ya Wigmore, karibu na mpaka wa Wales. Miaka ya 1990 English Heritage, shirika lao la kutunza majengo ya kale, waliimarisha kuta zilizotaka kuanguka, vilele vyake wakavifunika kwa udongo na nyasi, na vifusi wakaviacha vilipo. Nyasi zao sizitaki Gede. Ninachowaonea wivu ni ujasiri wa kumaliza kazi ya fedha nyingi, halafu mahali paonekane kama hapajaguswa. Sisi tangu 2024, Gede ilipoingia orodha ya Urithi wa Dunia, naogopa kila mkubwa atataka paonekane pamefanyiwa kitu.

Nimezidisha dakika. Wenye maswali ya chokaa, fundi yuko hapa mbele na ndoo yake. Ukitaka kuishika chokaa, chovya ncha ya kidole tu na unawe mara moja, inachoma hiyo.