Nani Alimpendekeza?

Itifaki imezingatiwa. Hapo nimewaokolea dakika ishirini, maana nusu ya walioketi mbele wana herufi za nishani za taifa baada ya majina, na emsii wa Kisumu akianza kuzisoma, EGH, EBS, MBS, OGW, chai itapoa.

Kila Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, orodha ya wanaotunukiwa nishani hizo ikitoka mnalalamika: wanasiasa tena! Na mvuvi wa pale Dunga anayewatoa watu ziwani wakizama, mbona hayumo? Nauliza kama kawaida yangu: nani alimpendekeza? Kimya. Sheria ya Tuzo za Kitaifa ya 2013 inampa Rais kazi ya kutunuku, na kamati kazi ya kumshauri. Kamati haitembei ufuoni. Inasoma karatasi.

Sasa karatasi yenyewe. Mnaandika "mchapakazi, mpenda watu, mcha Mungu". Futa. Mazishini hata mwizi wa kuku husomewa hayo. Andika ameanza mwaka gani, amewatoa wangapi, kwa mtumbwi wa nani, mafuta ya injini analipa nani. Usiandike "wengi", mkiwakumbuka saba, andika saba. Jina liwe la kitambulisho. Ufuo mzima unamwita Janam, sawa, lakini Janam ni nani Nairobi? Mashahidi wawili wasio jamaa zake, mmoja awe aliyeokolewa. Ukurasa mmoja, basi. Na uandikwe mwezi wa tatu, si Novemba mkikimbilia sahihi ya mheshimiwa. Akishatia mkono, aya ya kwanza itamsifu yeye.

Namwona mzee pale nyuma anajiandaa kunirushia "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Mzee wangu, si wewe ni wa huku huku? Kwenye pakruok, yale majigambo yetu ya Kiluo, unasimamisha mpiga nyatiti, unatoa pesa, unajisifu wewe na mashemeji zako, wala huoni haya. Leo karatasi moja ya kumsifu jirani ndiyo aibu? Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini wa kutunza sharti aone ngoma.

Wanaokataa je? Haki yao. Ndiyo maana mhusika aulizwe kabla hamjaandika. Waingereza hutanguliza barua ya siri. Ukikataa hakuna ajuaye, ila ujitangaze mwenyewe kama mshairi Benjamin Zephaniah alipoikataa OBE, nishani yao, mwaka 2003. Sartre, mwandishi Mfaransa, 1964, aliandika Stockholm kuomba asipewe Nobel ya Fasihi. Uamuzi ulishapita, na mpaka leo yumo kwenye orodha ya washindi. Le Duc Tho, mpatanishi wa Vietnam Kaskazini, 1973, alikataa Nobel ya Amani akisema amani yenyewe haijafika Vietnam. Hiyo ni sababu. "Mimi sipendi makuu", na suti iko kwa fundi, ni hadithi nyingine.

Nilitaka kugusia wanaorudisha nishani, na hizi digrii za heshima za kununua, ila emsii ananionyesha saa. Karatasi na kalamu ziko pale mlangoni. Haya, jina la Janam kwenye kitambulisho ni lipi? Nani analijua?