Nondo Moja Majina Manne: mazungumzo na wafanyabiashara wa Moshi

Shikamooni wazee, na wengine mambo vipi. Nimeambiwa nina dakika ishirini na harufu ya pilau naisikia toka hapa kwahiyo sitawachosha. Niseme mapema mi sio mtu wa kompyuta, mi ni stoo kipa, nimekaa kwenye hadwea miaka kumi na moja, duka moja hapa mjini lingine Himo, na hiki ninachokuja kusema, habari ya majina ya bidhaa na wateja kwenye sistimu ya kompyuta ya duka, nimekijua baada ya kuumia.

Siku hiyo bosi kafungua sistimu kaona nondo za mm 12 zimeisha, tena sio zimeisha tu, zinasoma hasi 40, yaani tumeuza nondo ambazo hatuna! Akaagiza mzigo. Lori linafika, nafungua stoo nimwonyeshe dereva pa kushushia, hakuna pa kushushia, nondo zimejaa mpaka mlangoni. Kuja kuchimba, nondo ni hiyohiyo ila sistimu ina majina manne. "Nondo 12". "NONDO MM12". "Nondo nusu inchi", hii ya kijana wa Himo maana mafundi wa kule ndo wanavyoiita. Na ya nne, naomba msicheke, "nondo nzuri". Mzigo unapokelewa kwa jina hili, keshia anauza kwa jina lile, huku inapanda huku inazama.

Na kipimo nacho. Tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande. Nondo ya mm 12 ya mita 12 ina kilo 10.66 hivi, kwahiyo tani moja inatoka vipande 93 au 94. Sasa mmoja akipokea tani mbili anaandika 2, mwenzake anaandika 187, na wote wako sahihi kwa vichwa vyao. Rangi ndo usiseme, galoni ya rangi ni lile kopo la lita 4, mwingine akisikia galoni anawaza la mafuta ya kula la lita 5.

Bosi akasema sistimu mbovu, tubadilishe. Tukabadilisha bana, hela ndefu. Mtaalamu akachukua listi ya zamani akaihamisha vilevile, nondo nzuri nayo ikahamia na begi lake.

Hiyo listi wenye fani wanaita masta data, mi naita daftari mama. Mauzo ya leo yanapita, ila jina la bidhaa, kipimo chake, jina la mteja, msambazaji na TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi, hivyo vinakaa, na kila risiti kila oda inachota hapo. Sisi wa mlimani tusishangae, tumekua na mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani. Maji yanakatwa mtoni kule juu yanashuka yanapita kwa kila mtu, migomba yangu, migomba yako, na mfongo una wazee wake, una siku ya kuusafisha, na huamki tu usiku ukatoboa tundu lako pembeni, wakikukamata utalipa. Kwenye maduka yetu sasa kila mtu anatoboa. Keshia ana foleni, bidhaa haioni kwenye listi, anaandika mpya, tundu hilo. Mhasibu ana Excel yake, tundu. Dereva ndo mwenye namba za wateja kwenye simu yake, siku akiacha kazi kaondoka na mfongo mzima.

Wateja sasa. Hapa Moshi ukiandika Massawe kwenye daftari la madeni hujaandika mtu, umeandika ukoo. Tumeshampigia simu ya deni Massawe ambaye hata hajawahi kununua msumari kwetu, na alivyotujibu siwezi kurudia mbele ya wazee. Ndo tukasema tumjue mtu kwa namba. Namba gani? Ya simu inabadilika, na tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake, kwahiyo hata ile ya kuangalia mwanzo ukajua ni mtandao gani imekufa. Mwenye biashara tunachukua TIN, tarakimu tisa, kwisha. Asiye na TIN tunampa namba yetu wenyewe ya duka.

Na hapa mnisikilize vizuri maana imenigharimu wiki mbili. Ukimwaga namba kwenye Excel bila kuiambia kuwa hayo ni maandishi, sifuri ya mwanzo ya simu inaliwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndo balaa, ina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu, tano za mwisho inazigeuza sifuri, kimyakimya, wala haikuulizi. Na hazirudi. Kwanza namba ya NIDA ya mteja wa saruji unaitakia nini? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usirundike vitu vya watu usivyovihitaji.

Tulichofanya, tulimchagua mtu mmoja tu wa kuongeza jina jipya. Sio kijana wa IT, ni dada wa mauzo, kwa sababu yeye anajua fundi akisema "robo tatu" anataka bomba gani. Keshia akikwama anamtumia meseji, anajibiwa, mwanzoni walinuna sana wanasema anajifanya bosi. Na neno "nusu inchi" hatukulitupa, limewekwa kama jina la utani, kijana wa Himo akiliandika anapelekwa kwenye nondo ileile. Huwezi kumlazimisha fundi abadilishe mdomo wake ili kompyuta ifurahi.

Mzee pale nyuma kauliza, yale majina ya zamani mlifuta? Hapana mzee wangu, usifute. Ukifuta, risiti za nyuma zinabaki yatima, hujui uliuza nini, na ukija kukaguliwa utajieleza mpaka jioni. Unalifunga lisiuzike tena, unaandika pembeni limehamia kwenye lipi, stoku yake unahesabu kwa mkono unaipeleka kule. Nondo nzuri bado ipo mpaka leo, imefungwa, na kuna mteja mmoja akija bado anaiulizia kwa jina hilohilo.