Nguo Inayochuja Haijakiri Kosa

(Mhadhara kwa mafundi cherehani, wauzaji wa nguo na watengenezaji wa batiki, Kisumu)

Nimeletewa nguo tatu kabla hata sijafika mezani. Mama huyu hapa mbele ameshaniuliza: "Daktari, hii inachuja, si ni sumu?" Haya. Nilipanga kuanzia kwingine, lakini tuanzie hapo, maana swali hili nimelijibu Nakuru, nimelijibu Eldoret, na naona nitalijibu mpaka nistaafu.

Kuchuja ni rangi kushindwa kushika uzi. Basi. Sumu ni kesi nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita muuzaji mmoja wa soko la Kibuye aliniletea vitambaa viwili. Chekundu kilichuja hadi maji ya beseni yakawa kama ya machinjioni. Mtoto wake alikuwa anajikuna, na yeye alishakihukumu kitambaa. Cheusi alikileta kunionyesha tu kitambaa kizuri kinavyokuwa: kimefuliwa mara kumi, maji meupe. Tukapima vyote maabarani. Chekundu hakikuwa na lolote katika yale tuliyotafuta. Cheusi kikatoa benzidini, kemikali inayoleta saratani, tena si haba. Mama aliniangalia kana kwamba nimebadilisha vibandiko. Mtoto, kumbe, alikuwa na upele, ambao hata nyanya yake angeutambua bila maabara.

Sasa sikilizeni tulivyopima. Tunakata gramu moja ya kitambaa vipande vidogo, tunakitia kwenye chupa yenye maji yaliyopimwa asidi yake, nyuzijoto 70, halafu tunaongeza haidrosi. Mnacheka! Ndiyo, haidrosi ile ile mnayochanganya na kostiki mkiivisha rangi ya batiki. Nyinyi mnaitumia rangi iyeyuke iingie kwenye uzi. Sisi tunaitumia kuivunja. Kuna aina ya rangi ziitwazo rangi za azo: zina fundo katikati, naitrojeni mbili zimeshikana. Haidrosi hulikata fundo hilo ndani ya nusu saa, na vipande vinavyobaki ni amini. Nyingi hazina neno. Lakini kuna orodha ya amini 22, benzidini ikiwamo, zinazojulikana au kushukiwa kuleta saratani. Kwa nguo zinazokaa mwilini, Ulaya hairuhusu hata moja ya hizo ipite miligramu 30 kwa kilo. Chukua gunia la mahindi la kilo 90, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi: ndicho kiasi hicho. China wameshuka hadi 20.

Mbona cheusi hakichuji? Kilitiwa dawa ya kufungia rangi. Rangi imefungiwa ndani ya uzi pamoja na ubaya wake wote. Beseni haliwezi kukuambia, na chumvi na siki mnazoloweka nazo haziwezi kukuambia. Fundo lazima likatwe.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: kwani nguo huliwa? Mzee wangu, mtoto wa miezi minane huishi na ncha ya leso mdomoni tangu asubuhi. Hata kwako wewe, kuna bakteria wa ngozini wanaoweza kulikata fundo hilo pole pole, bila haidrosi. Mwingine ataniambia mitumba imeshafuliwa huko ilikotoka. Kufua kunapunguza fomaldehidi, ile dawa ya kiwandani ya kuzuia mikunjo, nakubali, na nguo mpya inayonukia dukani ifueni kabla ya kuivaa. Lakini ile rangi nyeusi bado unaiona, sivyo? Basi na benzidini yake bado imo.

Na wewe wa rangi za magome na mizizi, usitabasamu. Gome halina kosa. Kosa ni dikromati unayoshikishia rangi, hiyo ni kromiamu ya sita, na hiyo ndiyo sumu. Tumia shabu.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya jasho, juu ya rangi za polista zinazowasha ngozi, juu ya risasi na kadimiamu, tutaacha. Cheti cha maabara, kwa ufupi: kinazungumzia kipande kilichopimwa, si robota zima. Leso yenye rangi tano ikikatwa kwenye pindo jeupe, imepimwa pindo.

Ila siondoki bila kusema la mikono. Mwaka 1895, Ludwig Rehn, daktari wa upasuaji wa Frankfurt, alieleza saratani ya kibofu cha mkojo aliyoikuta kwa wagonjwa wake. Walikuwa watu wa kiwandani, watengenezaji wa rangi ya fuksini. Mvaaji wa nguo hupata chembe. Anayekoroga ndoo hupata ndoo. Nimesalimiana na akina mama watatu mlangoni wenye vidole vya buluu hadi kwenye kifundo, na mmoja ameniambia kwa fahari kwamba glavu zinamchelewesha! Rangi nyingi za batiki mnazoivisha kwa haidrosi si za azo, sawa, lakini ile ya unga mnayopimiwa kwa kijiko, kwenye karatasi isiyo na jina, nani anajua ni ipi? Muuzaji mwenyewe hajui. Vaeni glavu, na unga msiumimine palipo na upepo, mkauvuta.

Mama, hiyo inayochuja irudishe mkobani, ukaifue peke yake. Nipe ile nyeusi.