Gunia Mbili na Nusu za Makala mu Motoka ya Sport

TRÉSOR: Jambo yenu bote benye munatusikiliza. Leo mi njo nafungua, juu yaya Nadège alisema nikichelewa tena atafungua peke yake na atasema kila kitu.

NADÈGE: Na nitasema. Bantu bangu, siku ya posho huyu alitoka Likasi na motoka ya shemeki yake, ile nyekundu ya milango mbili, yenye mukia juu sawa jogoo, na vile alifika kwetu ku garaje hakusalimia mutu. Aliomba mayi.

TRÉSOR: Nilikuwa na kiu.

NADÈGE: Ulikuwa unatetemeka. Haya, leo tuko na masomo tano, niliandika hapa: presha, umri wa pine, amortiseri, paralelismi, na ya tano nitawaambia ku mwisho. Lakini eleza kwanza.

TRÉSOR: Tulitoka Likasi saa nane, mi na bibi yangu, barabara kavu, niko 110, motoka imetulia. Kisha kamiyo ya madini mbele yangu. Na mujue volani iko kuume sawa zile zote za kutoka Japani, kwa kudubla ni bibi njo anachungulia kushoto anasema "enda". Akasema enda. Nikaenda, 120, 130, na vile natoka ku pua ya kamiyo upepo ukanipiga, nikarudisha volani kidogo tu, kidogo yaya, mukia ukaenda kushoto, nikaushika ukaenda kuume, mara tatu vile, na volani mu mikono nyepesi sawa niko naendesha mutumbwi. Bibi aliita batakatifu bote, na ule mwenye jina lake hakumuita, alimusahau.

NADÈGE: Na mu kofri kulikuwa nini?

TRÉSOR: Tutafika.

NADÈGE: Mu kofri kulikuwa nini, Trésor?

TRÉSOR: ...Makala.

NADÈGE: Gunia ngapi?

TRÉSOR: Mbili. Na nusu. Ile nusu ilikuwa ku kiti ya nyuma.

(Banacheka.)

TRÉSOR: Lakini pale barabarani makala ni bei muzuri, kila mutu wa Lubumbashi anayepita anasimamaka, bibi alisema simama, ulitaka nimuambie nini, mama hii ni motoka ya sport? Bukari inaivaka na spoileri?

NADÈGE: Sikiliza. Kofri ya ile motoka iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, haiko juu yake. Ukijaza pale ni ule mubao wa batoto wa kupanda na kushuka, nyuma inakaa chini, pua inapanda, njo maana volani ikakuwa nyepesi, pine za mbele hazikanyagi tena lami muzuri na upepo unaingia chini ya pua unaizidishia. Nyuma nako resori zimeshuka, magurudumu yamebadilisha pembe, hayaangalii tena vile bafundi bayapima ku paralelismi. Kisha amortiseri. Nilibonyeza ule mukia na mikono mbili nikaachia, ukacheza mara ine. Amortiseri nzima inapanda mara moja, inatulia. Ya kuume ilikuwa inatoka mafuta, vumbi imekauka juu yake sawa bukari ya jana ku sufuria.

TRÉSOR: Shemeki alisema iko nzima.

NADÈGE: Shemeki anatafuta mutu wa kumuuzia?

TRÉSOR: ...Ndiyo.

NADÈGE: Aya. Na presha, kwado alipima pine za nyuma akakuta bari 1.4, na ku mulango kuna karatasi inasema 2.3, bila makala! Pine ya kukosa upepo ubavu wake unalala, unageuza volani, rimu inaenda, kauchu inafwata nyuma ikiyumba. Na kule kuyumba kunaleta moto, na moto njo unapasuaka pine ku vitesi.

TRÉSOR: Ngoja, ngoja, mi pia nilisoma usiku. Porsche 911 za miaka ya 1960, moteri iko nyuma kabisa, pua ilikuwa nyepesi sawa ya kwangu. Unajua balifanya nini? Baliweka bipande bya chuma ndani ya parshoki ya mbele, kushoto na kuume. Ma-Porsche bazima! Ile ni makala yao.

NADÈGE: Mbele, Trésor. Baliweka mbele.

TRÉSOR: Basi kosa langu ni upande tu.

NADÈGE: Yesu.

TRÉSOR: Kuna pahali ya makala ku pua ya motoka, yaya? Pembeni ya radiateri?

NADÈGE: Itaiva kabla ufike Lubumbashi. Na ile chuma haikuwa dawa yenyewe, ku modeli ya 1969 njo balisukuma magurudumu ya nyuma kwa nyuma, milimita 57. Ni upana wa vidole tatu. Vidole tatu tu na motoka ikakuwa ingine.

TRÉSOR: Na gunia ya makala ni vidole ngapi?

NADÈGE: Tusonge. Umri wa pine. Ku ubavu kuna namba ine ku mwisho wa herufi za DOT, mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ile ya nyuma kushoto ya shemeki ilisema 0813. Juma la 8, mwaka 2013. Mutoto aliyezaliwa ile siku iko anaenda sekondari.

TRÉSOR: Lakini maua yake, ile mistari ya kukanyaga lami, yalikuwa bado marefu, yaya, niliweka kidole.

NADÈGE: Maua si kitu kama kauchu imekauka. Ile Porsche Carrera GT yenye Paul Walker, ule mucheza filme, alikufia ndani mu 2013, si yeye alikuwa anaendesha, ripoti ya polisi ya mwaka wenye ulifwata ilisema vitesi ilikuwa kubwa kupita kiasi, na tena pine zilikuwa zimepita miaka 9. Motoka ya moteri ya vile, na chini ngozi ya muzee.

TRÉSOR: Sawa. Sasa shemeki iko na makuta ya pine mbili tu. Nilimwambia aweke mbele.

NADÈGE: Unasema?

TRÉSOR: Mbele. Mbele njo kunageuka, mbele njo kunafunga freni zaidi, na mbele njo kunaanza kuingia mu shimo.

NADÈGE: Mupya inaenda nyuma. Sikiliza, mbele ikiteleza motoka inataka kuenda moja kwa moja, unapunguza gazi, inarudi. Nyuma ikiteleza inageuka kukuangalia, na ku 130 kabla uwaze uko mu majani. Hata Michelin, bale banatengeneza pine, banasema nyuma.

TRÉSOR: Michelin banaishi Ufaransa. Bapite siku moja barabara zetu nyuma ya mvua.

NADÈGE: Audi TT, ilitoka 1998, motoka muzuri, bantu bakaanza kuanguka nayo Ujerumani ku vitesi ya juu, ukigeuza ghafula nyuma inapotea. Audi bakaziita zirudi, bakagusa suspansyo, bakaongeza ESP, ile kompyuta inashika freni yenyewe motoka isiteleze, na kamukia ku kofri. Hawakuongeza kitu ku volani, yaya yangu! Balitafuta nyuma.

TRÉSOR: Ile ni otorute ya Ujerumani, 200 na kupita, lami sawa meza. Mi naongelea pine ya mbele inapasuka mu shimo na volani inakutoka mu mikono na kamiyo iko inakuja. Umeisha kuona ile? Mi nimeona.

NADÈGE: Na mi nimevuta motoka zenye zilijigeuza zenyewe. Nyingi.

TRÉSOR: Mbele.

NADÈGE: Nyuma.

TRÉSOR: Sitabadilisha.

NADÈGE: Siombi ubadilishe, naomba usimufungie shemeki. Mulete ku garaje, mi mwenyewe nitafunga.

TRÉSOR: Utafunga nyuma!

NADÈGE: Nitafunga nyuma.

TRÉSOR: Basi nitamupeleka kwa kwado.

(Kimya. Mulango unagongwa.)

NADÈGE: Ni bakwaya. Saa yao imefika, dakika mbili. Paralelismi hatukugusa hata. Bantu, ile tu muandike, pine za nyuma bazifunge pua ndani kidogo, zisifunguke inje, zikifunguka motoka haitulii... mingine siku ingine.

TRÉSOR: Na ya tano? Ulisema utaisema ku mwisho.

NADÈGE: Ya tano ilikuwa usibebe mizigo.

TRÉSOR: Aa.

NADÈGE: Simu yako inalia.

TRÉSOR: Ni shemeki. Ameona kiti ya nyuma.

NADÈGE: Haukusafisha?

TRÉSOR: Nilisafisha na mayi, yaya, njo ikakuwa nyeusi yote.