Ndege Aliyepona ni Yule Awezaye Kuwinda: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, wanafunzi, na ndugu mliofika kutoka Watamu, Gede na Mambrui, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie ziara katika kituo cha kuokoa ndege wa mawindo, yaani kozi, mwewe, vipanga, tai, tumbusi na bundi, na afadhali nianze kwa kuwatahadharisha wanaopanga kwenda huko kwa matembezi: kituo kinachofanya kazi yake ipasavyo hakina mengi ya kumwonyesha mgeni. Hapa Kenya vinajulikana vile vya Naivasha na Soysambu, vilivyo chini ya Kenya Bird of Prey Trust. Ndege ambao mgeni huruhusiwa kuwasogelea katika vituo vya namna hiyo ni wale waliokwisha kukatiwa tamaa ya kurudi porini, aliyepoteza bawa au aliyepofuka, ambao sasa kazi yao ni kufundishia watu. Wagonjwa wenyewe huwekwa kando, nyuma ya kuta wasizoweza kuona watu kupitia kwazo, na wahudumu hupita hapo kimya. Wapo wageni wanaoondoka wamenuna kwa kunyimwa kuwaona, ilhali ukuta ule ndio unaoeleza kazi ya kituo kuliko kitu kingine chochote.

Ndege wa mawindo hahesabiwi kuwa amepona kwa sababu jeraha limefunga na anakula nyama anayowekewa. Amepona siku atakapoweza kumfukuza panya, njiwa au samaki aliye mzima, akamkamata na kumuua, akarudia kesho na kesho kutwa bila msaada wa mtu. Mnyama alaye majani akirudi porini akichechemea, huenda akaishi. Kozi mwenye kasoro ndogo tu katika bawa hukosa windo baada ya windo, na hufa kwa njaa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Kumwachia ndege wa hali hiyo mbele ya kamera na makofi ni kumuua polepole.

Watu hudhani kwamba mfupa uliovunjika ndio taabu kubwa. Mifupa ya ndege ni myembamba na mingi ina uwazi ndani, lakini huunga upesi, mara nyingi kwa muda wa wiki tatu hivi, mradi imenyooshwa vizuri na mvunjiko hauko karibu na kiungo. Ukiwa kwenye kiungo matumaini ni haba, maana kiungo kikishaganda bawa halikunjuki tena sawasawa. Kinachowachelewesha wagonjwa wengi ni manyoya. Ndege aliyefungiwa siku mbili tatu katika tundu la waya, tena na mtu mwenye nia njema kabisa, hufika kituoni amekwisha kuvunja manyoya ya mkia na ya ncha za mabawa, na unyoya uliovunjika haurefuki tena mpaka kisiki chake kidondoke kwa wakati wake na mwingine uote, jambo ambalo huweza kuchukua mwaka mzima, na kwa tai wakubwa zaidi ya mwaka.

Hapo ndipo unapoingia ufundi ambao ningependa kila mgeni apate kuushuhudia. Wahudumu huokota manyoya yanayodondoka ya ndege walio nao na kuyaweka kwa kufuata aina ya ndege, upande wa bawa na nafasi ya unyoya, kwa maana unyoya wa kumi wa bawa la kulia hauwezi kukaa mahali pa unyoya wa saba; umbo lake ni jingine. Mgonjwa akishalazwa kwa dawa ya usingizi, kisiki cha unyoya hukatwa sawasawa, na ndani ya uwazi wake huchomekwa kijiti chembamba, mara nyingi cha mwanzi, kilichochongwa hata kikatoshea. Upande wa pili wa kijiti huvikwa unyoya wa akiba uliokatwa kwa urefu unaotakiwa, gundi ikatiwa, na kipande cha karatasi kikawekwa chini ili gundi isiyashike manyoya ya jirani. Fundi wa jahazi aungaye ubao mpya na wa zamani angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Ndege huamka akiwa na bawa kamili, na huutumia unyoya huo wa kuazima mpaka wake wenyewe uote. Ufundi huu ni wa kale, wafugaji wa kozi wa Uarabuni wameujua kwa karne nyingi, na wale kati yenu wenye jamaa Abu Dhabi wanaweza kuwauliza habari za hospitali ya kozi iliyofunguliwa huko mwaka 1999, ambako kuunganisha manyoya ni kazi ya kawaida.

Kisha huja mazoezi, ambayo sitayarefusha: ndege hupimwa uzito mara kwa mara, hurushwa uwanjani akiwa amefungwa kamba ndefu nyepesi, na pumzi yake ikirudi kamba hufunguliwa.

Kuhusu vifaranga nitasema zaidi kidogo. Kifaranga anayeona uso wa mtu kila anapopata tonge hukua akiamini kwamba watu ndio jamaa zake, na akikomaa huwafuata watu, huwalilia chakula, pengine hata huwashambulia, wala hamtambui mwenzi wa aina yake. Kwa hiyo hulishwa kwa mkono uliofichwa ndani ya sanamu ya kichwa cha ndege, au hukabidhiwa ndege mzima wa aina yake asiyeweza kurudi porini, akamlea. Bundi mdogo anayemrukia mhudumu begani humfurahisha sana mgeni na wenye simu; kwa kituo, huyo ni hasara.

Wagonjwa hawa hutoka wapi? Wengi ni kazi ya mikono yetu. Ndege aliyetua juu ya waya mmoja wa umeme hadhuriki, bali tai mwenye mabawa mapana hupigwa anapogusa waya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, na ubaya wa jeraha la umeme ni kwamba siku ya kwanza bawa huonekana zima, kisha siku chache baadaye nyama yake huanza kufa. Tumbusi hufa wengi kwa pamoja kwenye mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya simba au fisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege hawa nchini Kenya tangu miaka ya 1970, ulikuta kwamba kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zimepungua.

Katika mji wetu, sumu inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya panya. Nyingi ya sumu hizi huzuia damu kuganda, na hazimuui panya papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo panya hulegea, hutoka hadharani na kutembea kizembe, akawa windo jepesi kuliko panya wote wa mtaa. Bundi akimla, sumu humwingia na kubaki katika ini, na kila panya wa namna hiyo huongeza. Akiwahishwa kwa mganga wa wanyama huweza kudungwa vitamini K akapona, lakini nani atamwahisha bundi? Hapa kwetu akilia juu ya paa la makuti watu husema ni uchuro, na mawe huanza kurushwa. Mimi sitabishana na mtu juu ya imani ya nyumbani kwao. Namwomba tu mwalimu yeyote aokote vile vibonge vikavu ambavyo bundi huvitapika chini ya mahali anapolala, avivunje mbele ya wanafunzi wake, na wahesabu mafuvu ya panya yaliyomo.

Yupo pia bundi wetu ambaye hakuna kituo kitakachomfaa. Bundi wa Sokoke, mdogo wa kukaa kiganjani, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1966, anaishi hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke hapa jirani na katika milima ya Usambara, Tanzania. Miti yake ikikatwa hakuna banzi wala gundi ya kumsaidia.

Sasa, ukimkuta ndege wa mawindo ameanguka. Kwanza tazama kama ni mgonjwa kweli, kwa sababu vifaranga vya bundi hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka, na aliye na nguvu hurudishwa juu ya tawi, wazazi wake wakamwendea usiku. Aliyeumia mfunike kwa kitambaa kizito na umshike miguu, kwa maana silaha yake ni makucha, si mdomo. Mweke katika boksi la katoni lenye matundu ya hewa, gizani, mbali na watoto na paka. Usimpe maziwa wala mkate, na usimdondoshee maji mdomoni, kwa kuwa njia yake ya pumzi iko nyuma tu ya ulimi na maji huishia mapafuni. Piga simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori siku hiyo hiyo. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Na uandike hasa mahali ulipomkuta, nguzo ipi, shamba la nani, mti gani, kwa kuwa ndege mzima ana eneo lake na pengine mwenzi anayemngojea, na akipona, hapo ndipo atakaporudishwa.