Hewa ya Ghorofani

MWANAISHA: Karibuni tena wasikilizaji. Otieno, leo umeniletea jambo linalonigusa, maana mimi naishi ghorofa ya sita.

OTIENO: Hewa ya ndani ya nyumba, dada. Ukienda mtaa wa Pipeline kule Embakasi, Nairobi, unafungua dirisha unakuta ukuta wa jengo la pili, karibu uuguse. Sasa hewa ipite wapi?

MWANAISHA: Lakini dirisha si lipo?

OTIENO: Moja halitoshi. Hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea, na pawe upande mwingine. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kuzunguka kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Hewa ya joto inapanda na kutoka, nyingine inavutwa vyumbani. Kwenye joto lote lile la pwani, bila umeme!

MWANAISHA: Sisi tuna lile shimo la katikati ya jengo. Jikoni na bafu zote zinatazama huko.

OTIENO: Wazo ni lile lile, ila limefinywa. Shimo likiwa jembamba, na juu limefunikwa kuzuia mvua, moshi wa ghorofa ya pili unapanda hadi kwako.

MWANAISHA: Hilo nalijua. Vitunguu vya jirani wa chini navinusa kabla sijawasha gesi yangu. Na zile tundu ndogo juu ya dirisha? Julai ikifika watu wanaziziba kwa magazeti.

OTIENO: Hapo roho yangu inauma. Baridi ya Julai naielewa. Lakini mtu akiziba, kisha aingize jiko la makaa apashe chumba moto, kaboni monoksaidi inajaa. Haina rangi, haina harufu. Familia inalala, haiamki. Tafadhalini, tundu hizo msiziguse.

MWANAISHA: Tafadhalini kweli. Na miezi ya joto, Januari hadi Machi, si feni inasaidia?

OTIENO: Inakausha jasho, lakini hewa ni ile ile iliyomo. Hata viyoyozi vingi vya ukutani huko Mombasa huzungusha hewa ya ndani tu. Ya maana ni feni ya jikoni inayotoa moshi nje kabisa.

MWANAISHA: Na aliye kando ya barabara ya Outering, afungulie moshi wa matatu?

OTIENO: Swali zito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kikomo linachopendekeza cha PM2.5, zile chembe laini sana zilizomo hewani, wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Yaani hata moshi kidogo si wa kupuuza, kwa hivyo dirisha la barabarani lifungwe magari yanaposhonana, la upande wa pili libaki wazi.

MWANAISHA: Na anayetafuta nyumba?

OTIENO: Aende jioni watu wakipika, kabla hajalipa dipoziti. Afungue mlango na dirisha, ashike karatasi nyepesi katikati. Isipotikisika, atafute kwingine.

MWANAISHA: Mimi ningeongeza pembe za dari. Ukiona ukungu mweusi, au rangi mpya kwenye pembe moja peke yake, muulize mwenye nyumba alichofunika pale.